Wiki tano za mionzi na miaka yote inayofuata

Watu huniuliza: ningerudishwa hadi mwaka 2011, ningekubali tena kupigwa mionzi ya kichwani? Ningekubali. Nalisema hili mapema ili anayesoma asidhani nimekuja kumtisha mtu aache tiba. Ila yapo mambo ambayo mgonjwa mwenye uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, anapaswa kuyajua kabla hajalazwa juu ya ile meza. Na yapo mengine anayopaswa kuyakumbuka miaka kumi au ishirini baadaye, wakati watu wote wanaomzunguka wameshasahau kwamba aliwahi kupigwa mionzi. Nayaandika leo kwa sababu dada mmoja wa Mombasa, ambaye kaka yake ameambiwa ajiandae kwa mionzi, alinipigia simu wiki iliyopita na swali moja: "Wamesema uvimbe wenyewe si saratani. Sasa mionzi ya nini, na itamfanya nini mbele ya safari?" Nilimjibu harakaharaka, maana nilikuwa na mteja mlangoni. Hapa namjibu kwa kirefu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Nashona magauni ya harusi, madera, sare za shule na, Ramadhani ikifika, kanzu za watoto. Ugonjwa wangu unaitwa akromegali. Uvimbe kwenye tezi ya pituitari ulikuwa unamwaga homoni ya ukuaji bila kipimo, na kwa kuwa mtu mzima harefuki tena, vinavyokua ni vidole, nyayo, taya, pua, ulimi, hata moyo. Kwangu dalili zilianzia mkononi. Kastabini niliyoitumia tangu marehemu mama akinifundisha kushona ilianza kunibana, kisha ikagoma kuingia kabisa. Matundu ya mkasi yakawa yananichubua kidole gumba. Viganja vikawa vinatoka jasho kiasi kwamba sateni nyeupe za maharusi zinaingia madoa, ikabidi nishone taulo likiwa pajani. Pete ya ndoa aliikata sonara. Viatu vikatoka namba 39 hadi 42. Halafu presha ikapanda, sukari nayo ikapanda, na ni huko kwenye kliniki ya sukari ndiko daktari mmoja mama aliponiomba picha yangu ya zamani. Aliitazama, akanitazama mimi, akaniandikia kipimo cha IGF-1, kile cha damu kinachoonyesha homoni ya ukuaji imezidi kiasi gani. Alhamdulillahi kwa macho ya yule mama.

Upasuaji nilifanyiwa Dar es Salaam mwaka 2010, kupitia puani. Sehemu kubwa ya uvimbe ilitoka, lakini kipande kilibaki ubavuni, kimejibana kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Hapo kisu hakiendi. Sindano za oktreotaidi za kila mwezi, ambazo zingeweza kuishusha homoni, bei yake ilikuwa inazidi kodi ya fremu yangu pamoja na mishahara ya wasichana wanaonisaidia. Vidonge vya kabergolini nilivitumia, vikashusha kidogo tu. Ikabaki mionzi.

Hili ndilo jibu la sehemu ya kwanza ya swali la yule dada. Uvimbe wa tezi hii mara nyingi sana si saratani, hauendi kwenye ini wala mapafu. Lakini umekaa pabaya. Tezi yenyewe ina ukubwa wa punje ya harage, imelala kwenye kishimo cha mfupa katikati ya kichwa, nyuma ya pua. Juu yake inapita mishipa ya fahamu ya macho, na huku na huku kuna mishipa miwili mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayozungusha macho. Uvimbe ukikua hapo unaweza kumpofusha mtu. Ukiendelea kumwaga homoni, kama wangu, unaua polepole kwa moyo, presha na sukari. Mionzi hupigwa ili kipande kilichobaki kisikue tena na, kwa aina kama yangu, kiache kumwaga. Na kwa kazi hiyo inafaa kweli: kwa mionzi ya kawaida, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 uvimbe wao unakuwa haujakua tena baada ya miaka 10. Sijui dawa nyingi zenye kujivunia hivyo.

Utaratibu wa kawaida ni dozi ya jumla ya grei 45 hadi 50 (grei ndicho kipimo cha mionzi), ikigawanywa vipandevipande, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hadi sita. Kabla ya kuanza unatengenezewa barakoa. Wanachukua bapa la plastiki lenye vitundu, wanalilowesha kwenye maji ya moto mpaka linalegea, wanakuwekea usoni na kulivuta mpaka chini ya kidevu. Ni vuguvugu, halichomi. Dakika chache limekauka na kushika pua, paji na taya yako, na tangu siku hiyo kila ukija unafungwa nalo mezani ili kichwa kisitikisike. Fundi yule alikuwa na mikono mizuri. Mimi natambua mkono uliozoea kupima. Mionzi yenyewe huisikii. Hakuna maumivu, hakuna joto, unasikia mashine tu ikizunguka. Nilichoka, nikawa nalala mchana, na nywele za pande mbili juu ya masikio, pale miale ilipokuwa ikipenya, zikadondoka. Zimeota tena, ila nyepesi.

Wiki tano zikaisha, nikaagwa, nikapanda basi kurudi Tanga. Watu wa nyumbani wakasoma dua, wakapika pilau. Kwao ilikuwa imekwisha.

Nataka wagonjwa wenzangu walielewe hili vizuri: mionzi ya pituitari inaendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya mashine kuzimwa. Huo ndio uzuri wake, na madhara yake nayo yanatoka hapohapo. Homoni yangu ya ukuaji haikushuka mwezi ule wala mwaka ule. Kwa kawaida hushuka kama nusu katika miaka miwili ya mwanzo, kisha inaendelea kuteremka taratibu, na wengine huchukua miaka 10 kufika panapotakiwa. Mimi IGF-1 yangu iliingia kwenye kiwango cha kawaida mwaka 2017. Nilimpigia simu binti yangu nikilia. Lakini mionzi haichagui seli. Kadiri inavyoukausha uvimbe, inaikausha pia sehemu ya tezi iliyobaki isiyo na uvimbe, pamoja na sehemu ya ubongo iliyo juu yake ambayo ndiyo inayoipa tezi amri.

Basi dhara linalowapata wengi kuliko yote ni hilo: tezi kuchoka na kuacha kutoa homoni nyingine. Miaka 10 baada ya mionzi, karibu nusu ya wagonjwa wanakuwa wamepungukiwa na homoni moja au zaidi, na idadi inazidi kupanda kadiri miaka inavyokwenda. Mara nyingi huanza kupungua homoni ya ukuaji, kisha zile zinazoamuru mayai au korodani, kisha ile inayoamuru kotisoli, na ile ya tezi ya shingo. Si lazima zifuatane hivyo kwa kila mtu. Na hakuna mwaka ambao mtu atakwambia sasa umevuka, huwezi tena kupata tatizo.

Kwangu hedhi ilikatika mwaka 2014, nikiwa na miaka 43. Mashoga zangu wakaniambia ndio utu uzima huo, karibu. Sikuona ajabu. Baadaye sana ndipo niliposhikishwa karatasi: mwanamke anayekoma hedhi kwa umri, homoni ya FSH, ambayo ndiyo amri ya pituitari kwa mayai, hupanda juu kabisa, kwa sababu tezi inapiga kelele na mayai hayaitiki. Yangu ilikuwa chini. Tezi ilikuwa imenyamaza. Na huko kunyamaza kungeweza kutupa habari mapema kwamba zamu ya kotisoli inakuja.

Kukosa kotisoli ndiko kunakoua, ndiyo maana nitakaa hapa kidogo. Kotisoli ni homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo, kwa amri ya pituitari, na mwili hauwezi kuvumilia homa, ajali, kutapika wala upasuaji bila hiyo. Inapopungua kidogokidogo, dalili zake hazina sura. Uchovu. Hamu ya kula inaondoka. Kizunguzungu ukisimama. Kichefuchefu asubuhi. Hebu niambie, hapa kwetu mtu akienda zahanati na maneno hayo anaambiwa nini? Malaria. Ikikosekana malaria, taifodi. Ikikosekana taifodi, UTI. Nimemeza dawa za UTI mwaka 2018 mpaka nikachoka, na kwenye kliniki niliyokuwa nikihudhuria kila aliyenishika aliangalia presha na sukari tu, akaandika, akasema njoo mwezi ujao. Neno "mionzi" lilikuwa ukurasa wa nyuma kabisa wa faili. Hakuna aliyefunua mpaka huko.

Ramadhani ya 2019 iliangukia mwezi wa tano, masika yamepamba moto. Nilikuwa nafunga, na fremu imejaa vitambaa vya Idi. Katika kumi la mwisho nikapata homa, kawaida tu, mafua yaliyokuwa yanazunguka nyumba nzima. Wenzangu walipiga chafya siku mbili wakaendelea na mambo yao. Mimi nilifuturu uji, nikautapika. Nikanywa maji, nikayatapika. Usiku binti yangu alipokuja kuniamsha kwa daku nilikuwa naongea maneno yasiyo na mpango, ngozi ya baridi, jasho jembamba. Walinibeba kwa bajaji hadi hospitali. Presha ilikuwa 70 kwa 40. Sukari ilikuwa chini, mimi ambaye tatizo langu siku zote lilikuwa sukari kupanda! Malaria hakuna. Nesi akasema ni saumu, mama amejikausha, apewe dripu.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, bado anaonekana ndiyo kwanza ametoka chuo. Alimuuliza binti yangu: mama aliwahi kuumwa nini? Binti akaanza kueleza habari za uvimbe, upasuaji wa puani, na mionzi ya 2011. Anasema yule kijana aliacha kuandika. Akachukua damu ya kupima kotisoli, na hakungoja majibu. Akanichoma haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, miligramu 100 kwenye mshipa papo hapo, pamoja na dripu ya chumvi na ya sukari. Majibu yalirudi siku za mbele kabisa, na kotisoli ilikuwa karibu haipo. Lakini kufikia adhuhuri ya siku ileile nilikuwa nimekaa kitandani naulizia nani amefunga fremu. Sijamsahau katika dua zangu tangu siku hiyo.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu wagonjwa wengi wa mionzi wakitajiwa madhara ya baadaye wanawaza saratani tu. Mimi nusura nizikwe na mafua, kwa upungufu wa homoni ambayo kidonge cha kushika nafasi yake, prednisoloni, ni miongoni mwa dawa za bei rahisi kabisa duka la dawa. Vidonge vya haidrokotisoni ni vigumu kuvipata hapa, kwa hiyo natumia prednisoloni kwa dozi ndogo kila asubuhi, na nikipata homa naongeza mara mbili kama daktari wangu wa homoni alivyonielekeza. Nikitapika, kidonge hakina maana tena, ni sindano. Ndani ya mkoba wangu kuna kichupa cha haidrokotisoni, bomba la sindano, na kadi niliyoiandika kwa Kiswahili kikubwa: "Tezi yangu ya pituitari ilipigwa mionzi. Mwili wangu hautengenezi kotisoli. Ukinikuta nimezimia, nichome haidrokotisoni miligramu 100 mara moja, kisha uulize maswali." Wasichana wangu wawili wa fremuni wanajua kuchoma. Waliogopa mwanzo, sasa hawaogopi.

Saumu sifungi tena. Wapo wagonjwa wa aina yangu ambao madaktari wao wanawaruhusu kwa masharti na kwa kubadilisha dawa. Mimi, kwa historia ile, niliambiwa hapana. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa pete iliyokatwa. Shehe wa msikiti wetu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mwenye maradhi yasiyotarajiwa kuondoka hutoa fidia, na kumlisha masikini kwa kila siku ni ibada yake. Natoa fidia.

Kitu kingine kilichonichukua miaka kukijua kinahusu tezi ya shingo. Huko nyuma, mwaka 2017, nilipolalamika uchovu na baridi, walinipima TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingo. Ikaja 1.9. Nzuri kabisa, wakasema, tezi haina shida. Binti yangu ni mtaalamu wa maabara, na ndiye aliyenifungua macho, baada ya yeye mwenyewe kwenda kuuliza wakubwa zake. TSH inatengenezwa na pituitari. Kwa mtu ambaye pituitari yake ndiyo mbovu, TSH inaweza kuonekana sawa huku mwili umekauka homoni ya tezi ya shingo. Kinachotakiwa kupimwa ni T4 huru, yaani homoni ya tezi ya shingo yenyewe ndani ya damu. Yangu ilikuwa chini. Na jambo la kushika kwa mikono miwili: kama kotisoli nayo imepungua, unaanza kurudishiwa kotisoli kwanza, ndipo unapewa thairoksini, dawa ya homoni ya tezi ya shingo. Ukipewa thairoksini peke yake inaweza kukuangusha kama nilivyoangushwa na yale mafua.

Sasa kiharusi. Hapa natembea kwa uangalifu, maana ndipo watu wanapotishana. Miale inayolenga pituitari lazima ipite kwenye ile mishipa mikubwa ya damu iliyo pembeni, na mishipa iliyopigwa mionzi huweza kukakamaa na kuziba miaka mingi baadaye. Hospitali ya Royal Marsden ya Uingereza ilichapisha mwaka 1999 habari za wagonjwa wake 331 waliotibiwa kwa mionzi: waliopata kiharusi walikuwa 4 kati ya 100 ndani ya miaka 5, 11 ndani ya miaka 10, na 21 ndani ya miaka 20. Ni kama mara nne ya watu wengine wa nchi ile. Namba nzito. Lakini daktari wangu alinikalisha akaniambia nitazame walilinganishwa na nani: na watu wazima wasio na uvimbe, wasiokosa homoni, wasiofanyiwa upasuaji. Akromegali yenyewe inapandisha presha na sukari. Kukosa homoni kwa miaka bila kurudishiwa nako kunaharibu mishipa. Kutenganisha ni kipi kimeleta kiharusi ni kazi ngumu. Mionzi ina sehemu yake, hilo halikanushiki, na kwa wagonjwa wa akromegali waliopigwa mionzi vifo vya kiharusi vimeonekana zaidi. Nilichochukua mimi katika mazungumzo yale ni kwamba mishipa iliyokwisha pigwa siwezi kuirudisha, ila presha yangu naiweza. Naipima nyumbani kila asubuhi kabla sijawasha cherehani. Dawa ya presha siiachi hata siku moja, na chumvi mezani nimeiondoa, hata wageni wakinung'unika.

Uvimbe mpya unaoletwa na mionzi ndio unaowatisha wengi. Upo. Huwa ni meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo ambao mara nyingi si saratani, na mara chache zaidi glaioma, uvimbe wa ubongo wenyewe, ambao ni mbaya zaidi. Hujitokeza baada ya miaka mingi, wengine kumi, wengine ishirini na zaidi. Mwaka 2005 hospitali ileile ya Royal Marsden ilitoa hesabu ya wagonjwa 426: uvimbe wa pili wa ubongo uliwapata 2.4 kati ya 100 ndani ya miaka 20. Mwaka 2022 Waingereza wakatoa utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 3,679, na safari hii wakafanya jambo la busara: waliwalinganisha waliopigwa mionzi na wenzao wenye uvimbe wa eneo lilelile ambao hawakupigwa, wote wakipigwa picha kwa miaka. Ndani ya miaka 20 waliopigwa mionzi walipata uvimbe wa pili 4 kati ya 100, na wasiopigwa 2 kati ya 100. Hatari imeongezeka mara mbili, kwa hakika, lakini watu 96 kati ya 100 waliopigwa mionzi hawakupata. Nilipoisoma ile namba na binti yangu, usingizi ulirudi. Nilikuwa nimeishi na picha ya kichwani kwamba ni suala la lini, si la kama.

Inayonihuzunisha ni kwamba hatari hii ina maana tofauti kwa mwenye umri tofauti. Mimi nilipigwa nikiwa na miaka 40. Kijana wa miaka 18 ana miaka mingi zaidi mbele ya kuuona huo uvimbe, na mtoto zaidi. Mzee wa miaka 70 ambaye uvimbe unamla macho hana sababu ya kuhesabu miaka 20 ijayo kwa namna hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nilipigwa na sina tatizo", au "jirani yangu alipigwa akapata uvimbe mwingine", muulize alikuwa na umri gani na alipigwa kwa mashine gani.

Macho yangu yalipona, na kwa fundi hilo ni tonge la mkononi. Mishipa ya macho ikizidishiwa dozi inaweza kufa bila maumivu, na ikitokea huwa zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo. Kwa dozi za kila siku ndogondogo kama zangu ni nadra, mtu mmoja au wawili kwa mia. Nilipimwa upana wa kuona kabla na baada, kile kipimo cha kutazama nukta huku ukibonyeza kila taa inapowaka pembeni. Kumbukumbu ndiyo siwezi kuapa. Zamani vipimo vya wateja nilivishika kichwani, kifua, kiuno, urefu wa mkono, mpaka mwezi. Sasa kila kitu kinaingia kwenye kaunta buku, na nikikosa kuandika kabla mteja hajavuka mlango, basi. Mionzi ya zamani ilipita kwenye pande za ubongo zinazohusika na kumbukumbu. Lakini pia nilikaa miaka bila kotisoli wala homoni ya tezi ya shingo, nimekuwa na sukari, nimezeeka. Nimeacha kutafuta mshitakiwa. Kaunta buku inafanya kazi.

Mashine za siku hizi si zile. Miale inatoka pande nyingi, inafuata umbo la uvimbe, na sehemu za ubongo zisizo na uvimbe zinapata dozi ndogo zaidi. Ipo pia mionzi ya dozi moja kubwa yenye kulenga kwa usahihi mkubwa, kama ile ya Gamma Knife aliyoibuni Lars Leksell huko Stockholm miaka ya 1960. Inatumika pale uvimbe ulipo mdogo na haujakaribiana sana na mishipa ya macho. Tunatarajia viharusi na vimbe za pili vitapungua kwa wanaopigwa hivi, na kuna sababu nzuri za kutarajia. Tezi kukauka, hata hivyo, bado kupo, kwa mashine yoyote, kwa sababu tezi imeshikana na kinacholengwa.

Nirudi kwa kaka wa Mombasa. Ana miaka 31. Uvimbe wake hautoi homoni yoyote, alifanyiwa upasuaji mwaka jana, kipande kidogo kimebaki, macho yanaona. Mimi si daktari na sikumwambia afanye nini. Nilimwambia dada yake wakaulize kwanza kama kipande kimeonekana kukua kati ya picha ya kwanza na ya pili. Kwa uvimbe wa aina hiyo ambao umetulia na haugusi macho, madaktari wengi huchagua kuuangalia kwa picha ya kichwa ya MRI kila mwaka, na mionzi ikabaki akiba mpaka siku utakapoanza kukua. Kama umekua, basi mionzi ina hoja, na ningemshika mkono aende.

Na kama anaenda, apimwe kotisoli ya saa mbili asubuhi, T4 huru, testosteroni, IGF-1, na upana wa kuona kabla ya siku ya kwanza, ili miaka mitano ijayo kuwe na cha kulinganisha. Hajaoa, na anataka watoto. Mionzi hii haigusi korodani, ila amri kutoka juu ikikatika mbegu hupungua. Mara nyingi hurudi kwa sindano za homoni, lakini ni vizuri aulize mapema, si akiwa na mke aliyekwisha choka kusubiri. Akimaliza asitoke bila karatasi inayosema alipigwa grei ngapi, mara ngapi, na kwa mashine gani, kwa sababu faili linapotea lakini karatasi iliyoko kabatini kwa mama yake haipotei. Kisha vipimo vyote vya homoni kila mwaka, ajisikie vizuri au vibaya, hadi uzeeni, na MRI kwa mpango wa daktari wake.

Dada aliniuliza vipimo hivyo vyote kila mwaka ni shilingi ngapi. Kwa Mombasa sijui. Kwangu bima inabeba baadhi, na T4 huru pamoja na IGF-1 nazilipia mwenyewe. Naziwekea pembeni fedha za sare za Januari. Miadi yao ni Jumatatu. Ataenda naye, na kalamu.